SOMO: BONASI YA KUFUNGUA AKAUNTI YA HUNDI, NA NAMNA CHAMA KINAVYOWEZA KUIPIMA



Benki inapotafuta wateja wapya aghalabu haiji mikono mitupu. Huja na ahadi. Fungueni akaunti ya hundi kwetu kabla ya tarehe fulani, wekeni kiasi fulani cha fedha, nasi tutawapa bonasi ya shilingi kadha wa kadha. Au tutawasamehe ada ya miezi mitatu ya kwanza. Au kitabu cha kwanza cha hundi kitakuwa bure. Barua ya namna hiyo ikifika katika ofisi ya chama huleta msisimko, maana chama kisicho na fedha za kutosha kununua karatasi za ofisini huona mia tatu elfu kuwa ni neema. Somo hili laeleza namna ya kupima ahadi hiyo kabla Bodi haijatia sahihi.

Ingawa siku hizi malipo mengi hufanywa kwa hawala ya benki au kwa simu, na hundi zenyewe zimepungua sana, twaendelea kuiita akaunti hii kwa jina lake la zamani. Ni ile akaunti ambayo fedha zake huingia na kutoka wakati wowote, nayo kwa kawaida hailipi riba, au hulipa riba ndogo mno.

Yafaa kusema tangu mwanzo kwamba hapana jibu moja kwa vyama vyote. Bonasi ile ile yaweza kuwa faida kwa chama cha kahawa na hasara kwa chama cha akiba na mikopo kilicho jirani yake, hata kama masharti ya benki hayatofautiani kwa neno moja. Linaloamua si ukubwa wa bonasi. Linaloamua ni kazi ambayo fedha za chama zilikuwa zikifanya kabla ya kuhamishwa.

Bonasi ni riba iliyobadilishwa sura

Desturi ya kuwapa zawadi wafungua akaunti ina historia ndefu nchini Marekani, na historia hiyo inafundisha. Sheria ya benki ya huko ya mwaka 1933 (mwaka ule ule ambao KNCU iliandikishwa huko Moshi) ilikataza benki kulipa riba kwa fedha za akaunti ya hundi. Watunga sheria waliona kwamba mashindano ya kupandisha riba yalikuwa yamezidhoofisha benki nyingi, na ule ulikuwa wakati ambapo benki zilikuwa zikifungwa kwa maelfu.

Lakini katazo hilo halikuondoa haja ya benki kupata amana. Benki iliyokatazwa kulipa riba ilitafuta njia nyingine ya kumvuta mteja, na njia hiyo ikawa zawadi: mablanketi, saa, vyombo vya mezani, na hasa kile kibaniko cha umeme cha kuokea mkate, ambacho hata leo Wamarekani hukitaja kwa mzaha wanapozungumzia benki za zamani. Mwaka 1972 benki moja ya akiba ya mjini Worcester, katika jimbo la Massachusetts, ilianza kutoa akaunti ya akiba yenye riba ambayo mwenye nayo aliweza kuiandikia hati ya malipo iliyofanya kazi kama hundi. Sheria ya mwaka 1980 iliruhusu akaunti za namna hiyo katika nchi nzima, na mwezi Julai 2011 lile katazo la mwaka 1933 likafutwa kabisa.

Msomaji ataona kwamba kibaniko kile hakikuwa ukarimu. Kilikuwa ni riba iliyozuiliwa mlangoni ikaingia kwa dirishani. Benki ilipata fedha za mteja, ikazikopesha kwa wengine kwa riba, na sehemu ndogo ya pato hilo ikamrudishia mteja kwa sura ya kifaa cha jikoni. Bonasi ya leo, iwe ya dola au ya shilingi, ni kitu kile kile. Ni riba inayolipwa mara moja, mwanzoni, badala ya kulipwa kila mwezi. Kwa hiyo hapana budi ipimwe kama riba inavyopimwa: kwa kiasi gani cha fedha, kwa muda gani, na baada ya makato gani.

Kuna tofauti moja tu, nayo yaipendelea benki. Riba huendelea kadiri fedha zinavyokaa. Bonasi hulipwa mara moja na kwisha, lakini fedha aghalabu hubaki pale pale, kwa sababu mteja akishazoea benki haondoki upesi. Benki yajua jambo hilo vizuri kuliko sisi. Kwa kweli ndilo inalolinunua.

Hesabu ya mfanyakazi wa Marekani

Tuanze na mfano wa huko, kwa kuwa ndiko mashindano haya yalikoendelea zaidi, tena wapo ndugu zetu wengi wanaoishi huko na kukutana na matangazo haya kila siku. Tarakimu tunazotumia tumezibuni kwa ajili ya hesabu, bali masharti ni ya aina ile inayotumika kwa kawaida.

Tuseme benki yaahidi bonasi ya dola 300. Sharti la kwanza ni kwamba mshahara wa mteja uingizwe na mwajiri moja kwa moja katika akaunti hiyo, jumla isiyopungua dola 2,000, katika siku 90 za mwanzo. Akaunti ina ada ya dola 15 kwa mwezi, lakini ada husamehewa iwapo salio halishuki chini ya dola 1,500. Tena akaunti isifungwe kabla ya siku 180. Ikifungwa, benki yaweza kuichukua bonasi yake.

Mfanyakazi mwangalifu atafanya hesabu hivi. Huko bonasi ya akaunti huhesabiwa kuwa ni pato kama riba, nayo hutozwa kodi. Ikiwa yeye hulipa kodi ya asilimia 22 katika ngazi ya juu ya pato lake, dola 66 zitakwenda serikalini, zitabaki 234. Zile dola 1,500 alizozifungia kama salio la chini zingeweza kukaa katika akaunti ya akiba na kuleta, tuseme, asilimia 4 kwa mwaka, yaani dola 30 kwa miezi sita. Baada ya kodi ile ile hiyo ni dola 23.40. Basi faida yake halisi ni dola 210.60, kwa kazi ya saa mbili tatu za kujaza fomu na kumwarifu mwajiri. Kwake yeye bonasi hii yafaa.

Sasa mchukueni jirani yake, mwenye mshahara ule ule lakini ambaye fedha humwishia kabla ya mwisho wa mwezi. Salio lake lashuka chini ya kiwango katika miezi minne kati ya sita, analipa ada ya dola 60. Mara tatu anachukua zaidi ya salio lililopo, na kila mara anatozwa dola 35, jumla 105. Kutoka zile dola 234 zimebaki 69. Akiteleza mara mbili zaidi, dola 70 zitatoka, naye atakuwa ameilipa benki dola moja kwa heshima ya kupewa bonasi. Tangazo lilikuwa moja, na masharti yalikuwa mamoja. Aliyekuwa na akiba amepata, na asiyekuwa nayo amelipia.

Hesabu ya chama cha msingi

Chama cha msingi hakina mshahara wa kila mwezi. Fedha zake huja kwa msimu, kwa wingi, kisha hupungua hadi karibu na kitako cha chungu. Kwa hiyo hatuwezi kuichukua hesabu ya Mmarekani na kuibandika kwetu. Tuifanye upya.

Tuseme benki yakiahidi chama bonasi ya shilingi 300,000. Masharti ni kwamba chama kiweke salio lisilopungua shilingi 10,000,000 kwa miezi sita. Ada ya akaunti ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Benki hiyo iko mjini, na katibu pamoja na mweka hazina watakwenda huko mara mbili kwa mwezi. Nauli ya wote wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 12,000 kwa kila safari.

Wajumbe wengi wakisoma barua hiyo huona tarakimu moja tu, 300,000. Tuitazame kwa jicho la riba. Shilingi 300,000 kwa fedha milioni 10 ni asilimia 3 kwa nusu mwaka, yaani sawa na asilimia 6 kwa mwaka. Si mbaya, ila bado hatujaondoa gharama.

Ada ya 15,000 imetajwa bila Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwa kiwango cha asilimia 18 ada hiyo huwa shilingi 17,700, na kwa miezi sita ni shilingi 106,200. (Kila mara muulizeni karani wa benki kama ada iliyoandikwa ni kabla au baada ya kodi na tozo nyingine. Wengi hawasemi mpaka waulizwe.) Nauli ya safari kumi na mbili ni shilingi 144,000. Gharama hizi mbili peke yake ni shilingi 250,200. Kutoka 300,000 zimebaki shilingi 49,800.

Hapa ndipo vyama viwili vinapoachana njia.

Chama cha kwanza ni kile ambacho milioni 10 hizo zilikuwa zimekaa tayari katika akaunti ya hundi ya benki nyingine, bila riba, zikingoja kununulia magunia na kulipa ushuru na wapagazi. Fedha hizo hazikuwa na kazi nyingine. Chama hiki hakiachi kitu kwa kuzihamisha. Faida yake ni zile shilingi 49,800. Ni ndogo, lakini ni faida, mradi isitokee haja ya kuzigusa fedha hizo ndani ya miezi sita. Na kwa chama cha mazao haja hiyo hutokea. Katibu na asiamini kwamba milioni 10 zitakaa miezi sita pasipo kuguswa kwa sababu tu zilikaa mwaka jana. Achukue taarifa za benki za misimu miwili au mitatu iliyopita, atafute siku ambayo salio lilikuwa dogo kuliko siku zote, na hiyo ndiyo tarakimu ya kulinganisha na sharti la benki. Kama katika mwezi wa Machi salio lilifika milioni 4, basi chama hiki hakina milioni 10 za kufungia. Kina milioni 4.

Chama cha pili ni kile ambacho fedha hizo zilikuwa katika amana ya muda maalumu yenye riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Riba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kwa hiyo inayobaki ni asilimia 6.3. Kwa milioni 10 na miezi sita, chama kimeacha shilingi 315,000. Tazameni sasa: bonasi ni 300,000; kilichoachwa ni 315,000; ada na nauli ni 250,200. Chama kimepata hasara ya shilingi 265,200, na wakati huo huo katibu anaandika katika taarifa ya mwaka kwamba ameleta pato jipya la shilingi 300,000. Hatakuwa amesema uongo. Bonasi ataionyesha katika mapato na ada katika matumizi, lakini ile riba iliyoachwa haitaonekana mahali popote katika vitabu, kwa kuwa vitabu huandika kilichotokea, wala haviandiki ambacho kingetokea. Ndiyo maana hesabu hii haina budi kufanywa kabla ya uamuzi, kwenye karatasi ya pembeni. Mkaguzi akija baadaye hataiona.

Wako watakaosema kwamba chama chaweza kuifunga akaunti ya zamani na kuokoa ada yake. Ni kweli, na hesabu ya haki sharti iingize jambo hilo. Ikiwa akaunti ya zamani hutoza shilingi 12,000, pamoja na kodi 14,160, basi kwa miezi sita kuna shilingi 84,960 za kuokoa, tena na nauli za huko. Lakini tuwe waangalifu. Namba ya akaunti ya chama iko katika mikono ya watu wengi: wanunuzi wa mazao, chama kikuu, halmashauri ya wilaya, waliokikopesha chama pembejeo. Katika mauzo ya stakabadhi ghalani malipo yakienda katika akaunti iliyofungwa, wakulima watangoja fedha zao huku barua zikipita kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mkulima anayengoja ada ya shule hatauliza kama bonasi ilikuwa na faida. Kwa hiyo vyama vingi vinavyofungua akaunti mpya huishia kuwa na mbili kwa muda mrefu, na uokoaji huo hubaki katika maneno.

Baada ya mwezi wa sita

Bonasi imekwisha kulipwa, masharti yametimizwa. Je, chama kifanye nini?

Turudi kwa chama cha kwanza chenye faida ya shilingi 49,800. Akaunti mpya inagharimu shilingi 17,700 za ada na 24,000 za nauli kila mwezi, jumla shilingi 41,700. Kama chama kitaendelea nayo pamoja na ile ya zamani kwa sababu tu hapana aliyekumbuka kuifunga, faida yote itakuwa imekwisha katika wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Kuanzia hapo ni chama kinachoilipa benki.

Inafaa basi uamuzi wa kufungua akaunti uwe na tarehe ya kuutazama upya, iandikwe katika muhtasari wa kikao na katika kalenda ya ukutani pia. Siku hiyo Bodi ijiulize swali jipya kabisa: tukisahau kwamba tulipewa bonasi, je, akaunti hii yatufaa? Kama meneja hujibu barua, fedha za msimu hupatikana siku ile ile zinapohitajika, na mkopo wa pembejeo hutolewa kabla ya mvua badala ya baada yake, hizo ni faida kubwa kuliko bonasi yoyote, na chama kikae. Kwa maoni yetu hayo ndiyo yaliyopaswa kuulizwa mwanzo. Chama cha mazao kinachocheleweshewa mkopo kwa wiki tatu hupoteza zaidi ya kile ambacho benki zote za mjini zingeweza kukipa kwa bonasi.

Sharti lingine la kusomwa kwa makini ni lile la kufunga akaunti mapema. Baadhi ya mikataba husema bonasi itarudishwa yote. Mingine huongeza ada ya kufunga. Pia tazameni neno “salio”. Je, ni salio la kila siku lisiloshuka hata siku moja, au ni wastani wa mwezi? Kwa chama cha msimu tofauti hiyo ni kubwa mno. Wastani wa milioni 10 waweza kutimizwa na akaunti yenye milioni 18 nusu ya mwezi na milioni 2 nusu nyingine. Salio la kila siku haliwezi. Kama bonasi yenyewe itakatwa kodi, benki iandike kiasi kitakachoingia katika akaunti, si kiasi kilichotangazwa. Na kila jambo ambalo mjumbe wa benki amelisema kwa mdomo katika ofisi ya chama, liandikwe na kutiwa sahihi. Wajumbe wa benki huhamishwa. Barua hubaki katika faili.

Usalama wa fedha

Jambo hili tutalipitia kwa ufupi, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa ni wazi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia benki tano kwa kupungukiwa mtaji, miongoni mwao Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, na zile za wananchi za Njombe na Meru. Wakati huo bima ya amana ilimlipa mwenye amana hadi shilingi 1,500,000 tu. Kilichozidi kilingoja ufilisi. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Chama chetu cha mfano chenye milioni 10 kingekuwa na shilingi 2,500,000 nje ya bima, yaani zaidi ya mara nane ya bonasi yenyewe.

Hatusemi kwamba benki inayotoa bonasi ni dhaifu. Nyingi ni imara na zina sababu nzuri za kutafuta wateja. Twasema kwamba benki iliyo na shida ya fedha nayo hutoa bonasi, tena kubwa, na barua zao mbili zikiwekwa mezani hufanana. Kila benki hutangaza hesabu zake magazetini na katika matawi yake; mhasibu wa chama kikuu anaweza kumsaidia katibu kuzisoma. Na hata benki ya ushirika wenyewe, kama ile ya kitaifa iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, ipimwe kwa mizani hii hii. Kuimiliki sisi wenyewe ni sababu ya kuisoma zaidi.

Bonasi ni ya nani?

Tumeliweka swali hili karibu na mwisho, ingawa ndilo linalovunja vyama.

Benki haitoi zawadi kwa jengo la chama. Humpa mtu. Yule mjumbe wa benki anajua kwamba Bodi hukutana mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu, bali katibu yupo kila siku. Kwa hiyo pamoja na bonasi ya chama huweza kuja simu mpya “ya katibu”, au kitenge “cha mama mweka hazina”, au bahasha ndogo “ya usumbufu”. Wakati mwingine bonasi ya chama haitajwi kabisa. Kuna bahasha tu.

Msimamo wa ushirika katika jambo hili hauna utata. Fedha zilizoivutia benki ni za wanachama. Kila kitu kilichotolewa kwa sababu ya fedha hizo ni mali ya wanachama, kuanzia shilingi laki tatu mpaka saa ya ukutani. Iandikwe stakabadhi, iingizwe katika daftari la fedha au katika rejista ya mali, isomwe katika mkutano mkuu. Tena si suala la maadili peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mtumishi au wakala anayepokea manufaa kwa ajili ya kutenda jambo katika shughuli za aliyemtuma. Katibu ni mtumishi wa chama. Kuhamisha akaunti ni shughuli ya chama.

Wako makatibu waaminifu wanaoona haya kukataa, hasa zawadi ikiletwa na mtu mzima, kwa heshima, mbele ya chai. Kwao twashauri njia rahisi. Katibu apokee kwa niaba ya chama, palepale amwombe mgeni atie sahihi katika karatasi inayosema: “Imekabidhiwa kwa Chama.” Mgeni mwema atatia sahihi kwa furaha. Mwingine atakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni uamuzi wenyewe. Katibu huandaa hesabu, Bodi huamua, nayo benki kwa desturi hudai nakala ya muhtasari wa kikao na majina ya watia sahihi. Muhtasari usiseme tu kwamba “Bodi ilikubali kufungua akaunti”. Uonyeshe bonasi, ada, nauli, riba iliyoachwa, salio dogo kuliko yote la misimu iliyopita, na tarehe ya kuutazama upya uamuzi huo. Mistari sita yatosha. Mwanachama anayeuliza miaka miwili baadaye atajibiwa na karatasi, wala si na kumbukumbu ya mtu.

ZOEZI

Makatibu wafanye zoezi hili pamoja na wajumbe wa Bodi, ikiwezekana kabla ya kikao kijacho. Majibu yatatolewa katika toleo litakalofuata.

Chama cha akiba na mikopo kimeahidiwa bonasi ya shilingi 500,000 kikifungua akaunti ya hundi na kuweka salio lisilopungua shilingi 6,000,000 kwa miezi 12. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Nauli ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Fedha hizo sasa ziko katika amana yenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka kabla ya kodi ya zuio.

(a) Je, chama kitapata faida au hasara, na ya kiasi gani?

(b) Kama benki iko tayari kupunguza salio linalotakiwa, lipungue hadi kiasi gani ndipo chama kisipate hasara?

(c) Fedha hizo zingekuwa zimekaa bila riba, jibu la (a) lingekuwaje?

(d) Siku ya kutia sahihi, meneja wa tawi anamkabidhi Mwenyekiti baiskeli mpya na kusema, “Hii ni yako, Mzee, kwa kazi nzuri.” Andikeni maneno ambayo Mwenyekiti atamjibu, na mahali ambapo baiskeli hiyo itaandikwa katika vitabu vya chama.